Diski ya Pili

Filamu yenyewe, niseme ukweli, si kitu.
*Wakwe wa Zohali, Sehemu ya Pili*:
mama mkwe anashuka tena na mikono yake minne,
safari hii kaja kukaa,
na mkwewe, fundi wa tramu mjini Łódź,
hana pa kumlaza ila bafuni.
Magazeti yalisema ni chai ya majani yaleyale,
yamechemshwa mara ya pili.
Mimi nilicheka mara tatu. Ya tatu ilikuwa huruma.

Lakini kasha lina diski mbili,
na hiyo ya pili ndiyo iliyonivusha mji mzima
kwenye theluji ya Februari
hadi soko la Bałuty, kwenye boksi la ndizi,
kati ya kanda za mazoezi ya viungo
na harusi ya watu nisiowajua.
Zloti nne. Muuzaji akaniongezea betri za rimoti
kwa kunionea imani.

Ghorofa ya nane. Mama kaketi,
miguu ndani ya beseni la maji moto.
"Takataka hiyo bado ipo duniani?"
Nikabonyeza.

Kwanza, makosa ya upigaji:
Ludomir, mwenye sauti ya askofu,
ndani ya vazi la mama mkwe,
anaingia mlangoni, mkono wa tatu unabaki nje.
Anarudia. Unabaki.
Mara ya tano mkono unaingia
na mlango unang'oka.

Kisha vipande vilivyokatwa;
ukivitazama unajua kwa nini vilikatwa.

Kisha chombo cha anga, kwa karibu:
pipa la mashine ya kufulia, vijiko themanini,
taa ya baiskeli,
na kibandiko ambacho hakuna aliyekumbuka kukibandua.
Wamevuka pete za Zohali
kwa dhamana ya miezi kumi na miwili.

Halafu "Jinsi Tulivyoitengeneza", dakika ya kumi na moja.
Chumba chenye dirisha lililoganda. Cherehani.
Mwanamke wa miaka thelathini na nne,
mkono wa mpira wa kijani umemlalia mapajani kama paka.
Sauti nyuma ya kamera:
"Bi Bronisława, kipi kigumu zaidi katika kazi hii?"
Ana pini kumi na mbili mdomoni.
Ananyanyua nyusi.
Basi. Sekunde saba.

Papo hapo anaingia muongozaji, Gracjan, na skafu yake:
"Mtaona mikono yote minne ni ya kushoto.
Hiyo ni falsafa."

"Falsafa!" Mguu mmoja wa Mama ukatoka majini.
"Walinunua kalibu moja tu, wabahili wale.
Ya kushoto."

Kimya.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Tena. Simamisha hapo."

Akajiinamia kwenye skrini,
yeye wa sasa na yeye wa pini,
na mimi nikaanza kutafuta la kusema,
juu ya miaka, juu ya nywele zile nyeusi,
maneno kama ya kadi zinazouzwa posta.
Kidole chake kikagusa kioo.

"Pale. Kwapani. Unaona uzi?
Nimebana mno.
Miaka thelathini namlaumu seremala wa mlango."

Nikachukua beseni, maji yalikuwa yamepoa.
Jikoni nikasikia rimoti ikibonyezwa, ikibonyezwa,
Ludomir akiingia, akikwama, akiingia,
kisha ule mlango,
na Mama, peke yake, miguu mitupu sakafuni,
akicheka kicheko ambacho hakimo
katika diski yoyote kati ya hizo mbili.

Nikaliacha birika lipige mluzi.