Safu ya Nyongeza

Nilikuwa naenda Hale, si Muheza.
Mapajani nimepakata seva,
nimeiviringisha kanga ya mama isile vumbi,
na mfukoni mkataba wa kuhesabu marobota ya mkonge.
Mvua ya usiku ilikuwa imelila tuta la barabara.
Kupaza akazima pikipiki, akayatazama maji:
"Fundi, leo Hale ni hapa."

Kibanda cha bati, harufu ya maganda,
matenga yamepangwa mpaka mlangoni.
Bi Mwantumu, karani wa machungwa,
alikuwa na daftari, kopo la punje za mahindi
na soketi moja iliyolegea.
"Wewe ndiye wa kompyuta?
Basi niambie, hesabu zangu zinagoma kwa nini?"

Sikuwa na pa kwenda. Nikawasha.
Nikafuta "robota", nikaandika "tenga",
nikajiona mjanja.
Mara tatu tulihesabu,
mara tatu mashine ikasema: yamezidi.
Nikasaka kosa mstari kwa mstari,
jasho likidondokea vitufe,
hata bibi akacheka, kiganja mdomoni:
"Mwanangu, kila mia tunatia manne ya nyongeza.
Mtu hapewi mia kavu."

Mia kavu!
Chuoni nilifundishwa safu ya upungufu,
safu ya uharibifu, safu ya wizi.
Ya nyongeza hakuna aliyenitajia.
Nikaichora palepale,
betri imebaki asilimia kumi na moja.

Siku ya tatu maji yakapwa.
Hale nilifika. Kazi wameshampa mtu wa Dar;
mlinzi hakunifungulia hata geti.
Nikarudi Ngamiani na boksi langu,
kanga inanuka chungwa,
na simu ya Bi Mwantumu ikanitangulia nyumbani:
kuna ndugu yake wa Mkanyageni, naye ana matenga.

Leo vituo saba vinaitumia safu ile.
Cha nane kimeiacha, wanasema
punje za mahindi haziishiwi chaji.

Sisemi njia mbovu ni njema.
Tuta lile lile lilimvunja Kupaza mguu
mwezi uliofuata, na haukunyooka.
Nasema tu, siku hizi nikiandika programu
naacha nafasi tupu upande wa kulia,
bila jina, bila kanuni.
Wakubwa wanauliza: "Hapa pa nini?"

Hapo, nawajibu, ni Muheza.