Ila

Kibanda cha mizani, Thunder Bay, saa tisa za usiku.
Baridi imekaza hadi mlango unalia ukiguswa.
Lori la magogo linapanda jukwaani,
namba nyekundu zinacheza, zinatulia:
tani hamsini na nane na ushee.
Naandika. Nampa Renaud risiti yake kwenye kidirisha,
naye, kama kila usiku: "Bado hujawa wakili, Marjut?"
Bado, Renaud. Niko swali la kumi na saba.

Swali la kumi na saba ni la kiwanda cha jibini
na panya.
Meneja anasema: wakaguzi hawakuona panya hata mmoja,
kwa hiyo kiwanda hakina panya.
Hoja hii ina ila gani?
Herufi tano, A mpaka E,
zimepangwa ukutani kama washukiwa,
zote zimevaa koti moja.
Nimepewa dakika moja na sekunde ishirini na nne.
Nimeshatumia dakika sita.

Nina miaka arobaini na mitatu.
Kitabu aliniletea mwanangu Eero, cha mtumba,
kurasa zimejaa majibu ya mtu mwingine,
kwa wino, kwa uhakika wa kutisha,
na mengi si sahihi.
Nimejifunza kutomwamini huyo mtu.
Nimejifunza kwamba "baadhi" huenda wakawa wote,
kwamba "ikiwa" ni barabara ya kwenda tu:
mvua ikinyesha, lami italowa, sawa,
lakini ukikuta lami imelowa usiape kwa mawingu,
pengine jirani kaosha gari.
Nimejifunza kwamba watunga maswali
wanaijua njaa yangu ya kukubali.
C inanukia mkate wa asubuhi.
Ndiyo ya kuogopa.

Miaka kumi na moja napima magogo.
Mizani hii haisemi uongo,
wala haijui gogo lipi limeoza ndani.

Narudi juu. Wakaguzi hawakuona.
Hawakuona.
Na hapo, bila hodi, ikaingia barua.

Barua ya baba, kutoka ofisi ya fidia,
iliyokaa chini ya bakuli la matunda jikoni
mpaka ikashika duara la unyevu:
Hakuna ushahidi kwamba vumbi la mbao
lilidhuru mapafu ya Bwana Kivelä.
Kwa hiyo vumbi la mbao
halikudhuru mapafu ya Bwana Kivelä.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Baba aliisoma kwa sauti, kwa Kiingereza chake kinachochechemea,
akaikunja mara nne, akakohoa,
akasema, "Hawa watu wamesoma."

Wamesoma, baba.
Ila nani alikwenda kupima?
Nani alisimama kwenye banda la misumeno
mwezi wa pili, madirisha yamezibwa kwa nailoni,
akavuta pumzi hata moja?
Walitazama faili. Faili halikohoi.

Panya hawakuonekana. Haya.
Lakini je, kuna aliyeinua mbao za sakafu?
Ila hujibanza pale, kwenye neno dogo,
kwenye "kwa hiyo" iliyovaa tai,
inayopita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho.

Nikatia alama B.
Nikafungua nyuma ya kitabu, kidole kikitetemeka kama cha mwizi:
B.

Sikushangilia.
Nilikaa na penseli mkononi
kama mtu aliyeokota ufunguo
wa nyumba iliyokwisha bomolewa.
Baba yuko mlimani miaka tisa sasa, chini ya theluji,
na muda wa kukata rufaa ulikwisha
nikiwa bado sijui rufaa ni nini.

Taa zikamulika kioo. Lori jingine.
Tani sitini na moja.
Nikaandika, nikapiga muhuri, nikafunga kidirisha,
nikapuliza vidole.

Swali la kumi na nane lilihusu nyuki.
Nililikosa.