Ua la Asubuhi Moja

Mnunuzi alikuja na mizani mbili:
moja ya kupimia, moja ya kutuonyesha.
Akainusa vanila yangu kama mtu anusaye samaki wa juzi.
Akataja bei. Nikangoja amalizie.
Alikuwa amemaliza.

Miezi tisa, Bwana.
Hesabu hiyo unaijua,
mama yako aliihesabu kwa vidole.
Nililala shambani na panga na tochi,
mvua ya Rwenzori ikinichapa mgongoni,
nikiyalinda maganda yasiibwe usiku.
Kumbe mwizi angekuja mchana,
ameoga, na kitabu cha risiti mkononi.

Mbambu alikuwa ameshashonewa sare ya uuguzi.
Nyeupe. Ikaning'inia msumarini
mpaka mabega yake yakashika masizi ya jiko.
Hakulia. Alianza tu kubeba vitunguu vya watu
siku za soko, Kyarumba.
Hilo ndilo lililoniuma: kwamba hakulia.

Jumapili Mchungaji Masereka akasema tumaini ni nanga.
Nikamtazama.
Huku milimani nani ana nanga?
Sisi tuna mto Nyamugasani, uteremshao mawe
makubwa kuliko madarasa,
na ukishalitua jiwe uani kwako
umekwisha kukurithi.
Nisamehe, sikusema amina.
Nilisema kimoyomoyo: Nionyeshe.

Hukunionyesha kitu.

Ila juzi, kabla jogoo wa kwa Thembo
hajakosea saa kama kawaida yake,
niliamka na hasira, jembe begani,
nikaenda kung'oa. Kung'oa yote,
nipande mihogo,
ambayo haijawahi kumwahidi mtu chochote.

Vanila hupanda juu ya mbono.
Mbono kaburi, ndilo jina lake kamili.
Na pale, juu ya kaburi, ua moja,
kijani kilichochanganyika na njano,
kama uso wa mtu aliyetoka homa.
Ua hili hufunguka asubuhi moja tu.
Saa sita ikilikuta halijaguswa, limekufa.
Nyuki wake alibaki ng'ambo, nchi lilikotoka;
huku ni lazima mkono.

Nikawakumbuka wale wanawake wa alfajiri,
walioshika njia ya kaburini na manukato yao,
bila kujua jiwe litasukumwa na nani.
Siku zote nilidhani walikuwa na imani kubwa.
Hapana. Walikwenda kumpaka maiti.
Hawakutarajia kitu.
Walikuwa tu na kazi ya mikono,
na harufu nzuri ndani ya chupa,
na kulikuwa kunakucha.

Nikaliegemeza jembe.
Nikavunja mwiba wa mchungwa,
nikainua kile kiwambo, chembamba kama kope,
nikabana kwa kidole gumba ule unga
ambao bwana shamba huuita poleni.
Nikacheka peke yangu, kama kichaa:
mwaka mzima nikisubiri mtu anipe pole,
kumbe ilikuwa ndani ya ua,
tena kwa wingi.

Sikusikia sauti. Sikuona mtu wa mavazi meupe.
Niliona ua la pili, chini kidogo,
na la tatu nyuma ya jani,
na jua lilikuwa linapanda,
nikaacha kukuuliza maswali
kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Ua lililokataa huanguka kesho yake.
Lililokubali hunyauka, likawa baya, likang'ang'ania.
Leo nimepita kuangalia.

Sijamwambia Mbambu.
Bei sijui, na wewe hujaniambia.
Nimeitoa tu ile sare msumarini,
nimesugua masizi ya mabega kwa sabuni ya mche
mara mbili, mara tatu,
nikaianika juani.

Lile ua limenyauka, Bwana.
Lipo.