Mbili kwa Wino Mwekundu

Naryn, Januari. Nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Wino umeganda ndani ya kalamu yangu,
naisugua kwapani, naiatamia kama yai,
na watoto wanacheka, pumzi zao
zikipanda nyeupe juu ya madawati.

Boila imekufa usiku.
Mkuu wa shule kapiga simu, na aliyekuja,
buti zimejaa theluji, mfuko wa spana begani,
ni Taalaibek.

Nilimfundisha hesabu miaka mitatu.
Huku kwetu tano ndiyo alama ya juu, na mbili ni kuanguka.
Nilimpa mbili. Nikampa mbili tena.
Mara moja nilimpa mbili kwa daftari tupu,
nikaichora kubwa, shingo yake ndefu kama ya bata,
wala sikuuliza utupu ule umetoka wapi.

Baadaye, yeye keshaacha shule, ndipo nikasikia:
mama yake alikuwa Moscow akifagia vituo vya treni,
na mtoto wa miaka kumi na mitatu
alikama ng'ombe kabla ya alfajiri,
akagawa mkate mmoja kwa sahani nne.
Kugawanya alikujua.
Sahani ya nne, ya kwake, mara nyingi ilipata sifuri.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mimi kwa miaka thelathini na minne
nilishika mkasi.

Nateremka chini ya ngazi na birika la chai.
Amepiga magoti, kiganja juu ya bomba,
kichwa ameinamisha, anasikiliza
kama mtu anayengoja mgonjwa ataje kinapouma.
Kisha anaokota kipande cha makaa
na kuandika ukutani: shinikizo, upana wa bomba,
na herufi ile, ile niliyomfokea kwayo, katikati.
Nasoma mstari kwa mstari.
Njia aliyopita si ile niliyofundisha.
Jibu ni lenyewe.
Mkono wangu umeingia mfukoni kutafuta kalamu,
sijui kwa nini.

"Nilikukosea," nataka kusema.
Nasema, "Chai itapoa."

Anakunywa amesimama, vidole vyeusi vimekumbata kikombe.
Kule juu, Zuurakan, mwalimu mgeni,
juzi aliniuliza kama kazi yetu hii ina maana,
nami nikamjibu kwa maneno yale ya siku ya walimu,
yanayonukia maua na keki.
Hapa chini kuna mtu ambaye asipokuja
watoto mia mbili wanarudi nyumbani.
Hakuna aliyemwandalia keki.

"Mwalimu," anasema, akifunga nati ya mwisho,
"Bektur wangu yuko darasani kwako.
Sikuombi umpe tano.
Akileta daftari tupu, muulize."

Bomba linagonga mara moja, mara mbili.
Kisha nyumba nzima inaanza kunguruma polepole.

Napanda ngazi. Joto limenitangulia.
Mfukoni wino umeyeyuka, umevuja,
doa jekundu linakua ubavuni mwa gauni langu
na watoto wa mbele wanashtuka: Mwalimu, damu!
Si damu, nasema. Kaeni.

Bektur yuko dirishani, kiwiko juu ya daftari lililofungwa.
Nimebakiza miezi mitano nistaafu.
Navuta kiti.