Kuku wa Mapaja Sita

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, Mtanda.
Nimetoka ghalani na ufuta kwenye pindo la gauni,
ufuta ndani ya viatu, ufuta katika sikio la kushoto.
Siku nzima mizani. Siku nzima "andika, Somoe, andika,"
gunia la hamsini kasoro robo,
na mkulima ananitazama
kama ile robo nimeila mimi.

Sina nguvu ya kukimbiza kuku uani.
Kwa Chande, mwenye friji ya kutu,
nimenunua mapaja sita yaliyogandana
kama ndugu wa ukoo mmoja wasiosalimiana.
Nimeyatia beseni la maji, yaachane kwa hiari.

Mshamu wangu, wa darasa la pili, anahesabu:
"Mama, huyu kuku alikuwa na miguu sita?"
"Alikuwa na haraka," namjibu.

Chumvi. Kisu mara tatu kila paja, hadi mfupani.
Tangawizi, vitunguu saumu punje nne,
ukwaju uliolala majini tangu asubuhi,
na asali ya Liwale, ile nyeusi,
inayokuja mjini ndani ya chupa ya maji
na mguu mmoja wa nyuki.
Siutoi. Alifanya kazi.

Kikaango. Ngozi chini. Usiguse.
Hapa ndipo ninaposhindwa na roho yangu.
Nyama ikiiva upande huo itaachia yenyewe;
ukiivuta mapema
inakuachia lawama, ngozi inabaki nayo.

Kisha rojo. Linaanza na mapovu makubwa, ya kelele,
yanafuata madogo, ya umbea,
halafu linanyamaza, linakuwa zito,
kama mtu aliyekumbuka deni.
Simu ikilia, iite.
Dakika moja ni mng'ao. Ya pili ni lami.

Kutoka barazani, sauti ya baba:
"Firigisi umeiweka wapi?"

Kule Milola yeye ndiye aliyegawa.
Kuku mmoja, watu kumi na wanne,
na hakuna aliyenung'unika kwa sauti.
Firigisi yake. Kidari cha mgeni.
Mapaja ya wajomba.
Shingo na vipapatio vyetu sisi
tulionyonyoa manyoya, mikono ikinuka maji ya moto.

"Huyu hana firigisi, baba."
"Mgongo?"
"Hana."
"Hata kichwa?"
"Mapaja matupu, baba. Ndivyo wanavyouza."
Kimya. Nasikia kiti kikilia chini yake.
Kuku asiye na mkubwa wala mdogo
atagawiwaje?

Mfukoni mna konzi ya ufuta, sampuli,
ya mama mmoja wa Rutamba aliyegoma kuirudisha guniani.
Naukaanga mkavu mpaka unaanza kuruka,
naumwaga juu ya ile rangi ya mbao iliyopakwa vanishi.
Kidole gumba kimegusa ukingo wa kikaango.
Nimetukana kidogo, kwa Kimwera,
ili mtoto asielewe.

Ugali wa muhogo. Matembele. Sinia katikati.
Baba ananawa, anavuta sahani upande wake,
mkono wake unazunguka juu ya mapaja
kama mshale wa mizani yangu usiopata pa kutulia:
hili? lile? Yote sawa.
Mawili kila mtu, hesabu ya darasa la pili,
lakini yeye hawezi kuanza bila wa kwanza.

Akalichukua moja, akaliweka mbele yangu.
"Aliyeungua," akasema, basi.

Nina miaka thelathini na minne.
Nimekula kabla ya baba yangu
nikiangalia chumvi.

Baadaye Mshamu alilamba mpaka kiwiko.
Baba alisema tamu imezidi, akamaliza mfupa,
akauliza kama kwa Chande mapaja hayakosekani.
Kikaango kimelala na maji, asali imekishika, haitaki kutoka.
Nami nakaa mlangoni na kijiti
nachokoa punje ya ufuta kwenye jino la nyuma,
sijui kama ni ya chakula
au ya kazini.