Waya wa Kompresa

Igoma, saa nne asubuhi, na mawe ya mlimani
yameshaanza kuturudishia joto la jana.
Fundi Jilala hanitazami mimi. Anaitazama dashibodi
kama daktari wa meno atazamavyo taya.
"Evaporeta," anasema. "Na evaporeta, dada,
iliundwa kwanza, ndipo gari likajengwa kuizunguka."

Basi tunalibomoa gari la baba.

Redio kwanza, ile iliyoshika stesheni moja tu.
Kisha usukani, kisha kioo cha mita,
kisha nyaya zikatoka kama matumbo ya sato.
Skrubu zikapangwa juu ya kifuniko cha ndoo
kwa mfuatano anaoujua Nyamizi peke yake,
mwanagenzi, miaka kumi na tisa,
mwenye mkono mwembamba kuliko wote gereji nzima.
Nati ya mwisho iko nyuma kabisa, jicho halifiki.
Akafumba macho ili aione.
Spana namba kumi. Robo mzunguko. Pumzi. Robo tena.
Tukanyamaza kama watu walio nje ya wodi.

Ikatoka.
Kitu chenyewe si kikubwa: kitabu cha risiti
chenye mbavu za alumini, kimevaa blanketi la kijivu.
Jilala akalichambua kwa bisibisi:
juu, visubi wa ziwani, maelfu kwa maelfu,
wa miaka yote waliposimama kama moshi upande wa Ukerewe
na baba akasahau kuziba tundu la hewa;
chini yao, vumbi la barabara ya Magu;
chini kabisa, pamba.
Pamba nyeupe, ya jinari,
ya siku zile alipokuwa karani wa mizani
na shati lake la jioni likiota manyoya.
Jinari ilifungwa nikiwa darasa la tano.
Nilidhani hakuna kilichobaki.

Pembeni, doa la mafuta,
na kitobo kidogo kuliko ncha ya sindano.
"Gesi imetorokea hapa."
Nikasema ndiyo, ilikufa
mwaka ule nilipoingia kidato cha kwanza.
Miaka minne tulishusha vioo, tukala vumbi
kutoka Kisesa hadi mjini,
naye akisema upepo wa ziwa ni bure.

Ni Nyamizi aliyeuona waya.
Wa kompresa. Umekatwa,
ncha zimekunjwa, zikaviringishiwa utepe mweusi,
na utepe ukafungwa kwa uzi, fundo la gunia la pamba.
Jilala akalipapasa lile fundo.
"Kitobo ni cha juzi. Waya huu ni wa zamani.
Huyu mtu alizima mwenyewe."
Sikutaka kupiga hesabu. Ikajipiga:
nusu lita kwa siku, ada ya muhula,
sanduku la bati, godoro, nauli ya likizo.

Evaporeta nyingine ilikuja na basi kutoka Dar
ndani ya boksi la biskuti. Laki tatu na ishirini,
baada ya kuapizana. Oringi mpya. Waya mpya;
ule wa zamani nikauomba, fundo na yote.
Pampu ikavuta hewa, tukaukodolea mshale wa geji
nusu saa nzima, na sijui jambo tamu
kuliko mshale usiosogea.
Skrubu mbili zilibaki kwenye kifuniko.
Nyamizi akazitia mfukoni, akaangalia pembeni.

Kesho yake nikampeleka baba kliniki, Bugando.
Baridi ilimgusa magoti kwanza.
Akanyoosha kiganja mbele ya tundu la hewa
akakiacha pale tangu Buzuruga mpaka Mabatini,
hasemi kitu. Halafu:
"Zima, mwanangu. Inakunywa mafuta."

Nikapandisha kioo.

Tulipoegesha, maji yakaanza kudondoka chini ya gari,
tone, tone, kwenye vumbi.
Kuku wa mama ntilie akaja,
akanywa, akainua shingo, akanywa tena.