Neno la Ukurasa wa Nne

Kitabu cha semina kilikuja na neno,
nami nililipwa elfu arubaini
nilitie Kiswahili kabla ya saa ya chai.
Nikaandika: fursa. Nikafuta.
Fursa ni mlango; hili ni kupita
bila kujua kama palikuwa na mlango.
Nikajaribu neema, ikanipeleka msikitini.
Nikajaribu bahati, ikanicheka:
bahati haina jamaa,
hili lina ukoo mzima.
Nikaishia upendeleo,
nikalipigia mstari, nikanywa chai.

Uwanjani, Skuli ya Konde,
watu ishirini na mmoja juu ya mstari wa chokaa.
Mwezeshaji Thuwaiba akasoma maneno yangu:
mwenye upendeleo wa bomba nyumbani, hatua mbele.
Mwenye upendeleo wa kusoma bila kuuza maandazi, hatua.
Mwenye upendeleo wa miguu inayomtii, hatua.

Wakaenda wote, ila Fakihi na mkongojo wake
na Bi Mize, kasimama kama kigingi.

"Bi Mize, miguu si unayo?"

"N'nayo. Kanipendelea nani?
Upendeleo naujua miye.
Mama kumpa kitindamimba kipande cha kati cha changu,
sisi tukaramba nchuzi, huo upendeleo.
Sheha kuandika majina ya nchele usiku,
la shemejiye mara mbili, huo upendeleo.
Upendeleo una ntu.
Una nkono unaotoa, una jicho linalokonyeza.
Haya, miguu hii, nani alinikonyeza?
Kila bamvua namo mwanini,
chumvi imenila vidole hadi sishiki sindano,
leo mwaniambia nimependelewa!"

Wakacheka.
Hawakuicheka hoja, waliicheka ntu.
Kijana mmoja kutoka mjini akairudia, ntu, ntu,
kama anayeonja ndimu.
Thuwaiba akaficha mdomo kwa karatasi,
akaniambia, "Andika, andika, hiyo ni nzuri."

Nikaandika kwenye bango, herufi kubwa:
UPENDELEO UNA MTU.

Bi Mize akaitazama. Hakusema kitu.
Hakuwa ameniomba nimsahihishe.

Na M ile sikuitafuta.
Nilizaliwa nayo Vikokotoni.
Lugha aliyonifokea mama kwa kumwaga maziwa
ndiyo niliyoikuta redioni,
ndiyo iliyonisubiri kwenye chumba cha mtihani
imekaa, imekunja nne, inanijua jina.
Hakuna aliyenikonyeza.
Niliiamkia kinywani, kama meno,
na nani huamka akahesabu meno yake?

Basi kumbe ndilo hilo, neno la kitabu,
nilikuwa nalo ulimini nikilitafuta kwenye kamusi.

Lakini kalamu ingali mkononi
nikakumbuka tulilofundishwa chuoni, nikalipita mbio:
kwamba zamani watu waliketi mezani,
wakaulizana Kiswahili cha wapi kiwe cha wote,
wakanyoosha kidole mjini kwetu.
Meza ilikuwepo. Kidole kilikuwepo.
Una ntu, Bi Mize. Una ntu,
ila amekwisha kufa, na kiti chake bado kina joto.

Nikapiga hatua moja mbele.
Hakuna aliyeelewa;
Thuwaiba alidhani nafuata kivuli.

Wakati wa chai Bi Mize akanisogelea na kikombe.
"Na hilo neno, kwao walisemaje?"
Nikamtajia. Akalizungusha mdomoni,
akalitema kama kokwa la zambarau.
"Halina ladha. Lakini Fakihi
kaachwa peke yake pale chokaani, nilimwona.
Kwa ajili yake ningesogea,
ningelirudi nyuma."

Ukurasa wa nne niliurudisha Unguja
na upendeleo palepale, na pembeni,
kwa kalamu ya risasi: una ntu.

Mchapaji, Mungu amjaalie,
akaona kosa, akarekebisha.